Nyundo Kagonga, Mama Mkwe Hahami

"Moja! Mbili! Tatu! Imeuzwa!"

Nyundo ya mbao iligonga meza, na ua mzima ukanyamaza kama uliomwagiwa maji baridi. Hapo ndipo tulipoachana, msomaji wangu, na najua wapo walioninunia wiki nzima. Haya, nuna taratibu huku unasoma, maana mambo yenyewe hayakutusubiri.

Kilichouzwa ni kiti.

Si kiti hivi hivi. Ni kile kiti kipana cha kuegemea, chenye mikono ya mbao iliyolainika kwa viganja, alichokalia marehemu baba mkwe mpaka siku alipoitwa na Mola wake. Sasa hukikalia mjane wake, ambaye mtaa mzima humwita Bibi. Na Bibi alikuwa ametoa sharti moja tu la kukubali kuhama na binti yake na mkwe wake.

"Popote mtakaponipeleka nitakwenda," alisema. "Ila kiti changu kiende na mimi. Kiti kikibaki, nami nabaki."

Sharti moja! Na mkwe wake ameliuza mchana kweupe, kwa sauti kubwa, mbele ya mashahidi.

"Baba watoto." Sauti ilitoka barazani. Ilikuwa sauti ya chini, na waliooa wanajua kwamba ya chini ndiyo ya kuogopwa. "Umeuza nini?"

Aliyeulizwa alikuwa bado amesimama juu ya kreti lake, jasho likimtiririka. Mtaani hakuna anayemwita jina lake. Wanamwita Nyundo, kwa sababu tangu ujana kazi yake ilikuwa kunadi mali za watu: za waliofilisika, za waliofariki, za waliohama. Leo ananadi za kwake. Ana miaka hamsini na miwili, ameacha kazi kabla ya wakati, na ile nyumba kubwa ya vyumba vitano imeshapata mwenyewe mwingine. Watoto wameoa na kuolewa. Vyumba vilikuwa vinafuga vumbi tu. Sasa wanahamia mji mdogo mwisho wa reli, kwenye vyumba viwili na kibaraza, mahali ambapo nyanya huuzwa kwa ndoo na mtu anaweza kuishi kwa kidogo alichoweka, bila kuamka alfajiri kumtumikia mwenzake.

Lori liko nje, limeshapakiwa nusu. Ndoto imebaki kuwashwa injini.

"Nimeuza kiti," akasema Nyundo.

"Kiti gani?"

Nyundo akageuka kutazama kilichokuwa mbele ya meza yake. Ndipo alipokiona kwa mara ya kwanza. Kilikuwa kinaondoka, kimebebwa kichwani na kinyozi wa ng'ambo ya barabara, miguu yake minne ikitazama mbinguni.

"Mungu wangu," akanong'ona.

"Hukukiona?"

"Mama watoto, mimi nikiwa kazini sioni vitu. Naona mikono. Mkono ukipanda, nami napanda. Vijana wa kupakia walikileta mbele, mikono ikaanza kupanda, nikapata moto..."

"Ukapata moto."

"Ndiyo."

"Basi ukauzime huo moto," akasema mkewe. Yeye ni fundi wa kushona, na mtaani ndivyo anavyoitwa, Fundi. Ameshona sare za shule za watoto ambao sasa wana watoto. "Ukalete kiti cha mama. Mama bila kiti haendi. Mimi bila mama siendi. Wewe ukitaka kustaafu peke yako, lori hilo hapo, safari njema."

"Lakini mke wangu, nimeshagonga! Tangu nianze kazi hii sijawahi kurudisha mauzo. Hata hakimu aliwahi kuniomba, nikakataa."

Fundi akageuka. Alikwenda kwenye lori, akashusha mkoba wake mwenyewe, akauweka chini, akaukalia.

Nyundo akashuka kwenye kreti.

* * *

Duka la kinyozi lina kioo chenye ufa, kiti kimoja cha kunyolea, na bafu.

Umesoma vizuri. Bafu la chuma, jeupe, refu kama mtumbwi, lenye miguu minne ya simba. Liko katikati ya duka kwa sababu halipiti mlango wa chumba cha nyuma. Wateja wanaosubiri zamu hukaa humo ndani mmoja nyuma ya mwingine. Siku hiyo walikuwamo wawili, wameshika gazeti moja.

"Karibu, kaka Nyundo," akasema kinyozi, akipangusa vumbi kwenye kiti cha marehemu. "Leo wateja wangu watakaa kama binadamu."

Nyundo alisimama mlangoni, akafumba macho, akaomba kimoyomoyo: Ee Mungu, mpe huyu moyo wa huruma, na mimi unipe ulimi mfupi. Ilikuwa dua nzuri. Nusu yake ya pili ndiyo iliyochelewa kujibiwa.

"Ndugu yangu, kumetokea makosa madogo."

"Ya nani?"

"Ya... mazingira."

"Mazingira ndiyo yaliyogonga meza?"

Wawili wa kwenye bafu wakashusha gazeti.

"Kiti hicho ni cha mama mkwe wangu," Nyundo akaendelea. "Hakikupaswa kuuzwa. Pesa yako hii hapa yote. Nirudishie kiti changu, tuagane kwa heri."

Kinyozi akaketi juu ya kiti, polepole, akaweka viganja vyake kwenye ile mikono ya mbao kama mtu anayeapishwa.

"Unakumbuka mnada wa ile hoteli iliyofungwa?"

"Siku nyingi hizo, ndugu yangu."

"Mimi nakumbuka. Nilikuwa napita tu. Mbu akaniuma hapa, kwenye sikio. Nikajikuna. Wewe ukasema: imeuzwa kwa bwana mwenye shati la mistari! Nikakufuata mpaka kwenye gari lako. Nikakuambia, kaka, nina chumba kimoja, maji nachota kwa ndoo, bafu la nini? Ulinijibuje?"

Nyundo akatazama ile miguu ya simba.

"Ulinijibuje, kaka?"

"Nilisema... nimeshagonga, bwana."

"Nimeshagonga, bwana!" wakaitikia wawili wa kwenye bafu, kwa furaha ya watu wanaosikia kisa hicho kila wanapokuja kunyolewa na sasa wamemwona mwenyewe.

"Mke wangu wakati huo alikuwa mchumba," akasema kinyozi. "Alipokuja kuona chumba akakuta bafu limechukua nafasi ya kitanda. Alirudi kwao. Ilibidi niende mara nyingi kumweleza habari ya mbu."

"Nisamehe."

"Nimekusamehe. Chukua kiti."

Nyundo akaruka kwa furaha.

"Subiri. Ukifuta mauzo ya leo, unafuta na ya siku ile. Haki ni haki. Kiti na bafu vinaondoka pamoja."

"Bafu!" Nyundo akashika kichwa. "Ndugu yangu, mimi napunguza! Nimeuza kabati, nimeuza meza ya wageni, nimeuza mpaka ngazi! Nyumba ninayokwenda ina vyumba viwili. Bafu hili likiingia, sisi tunatoka!"

"Basi kiti kinabaki. Nani anafuata kunyolewa?"

Nyundo akatazama nje. Ng'ambo ya barabara Fundi alikuwa ameketi palepale juu ya mkoba, mgongo umenyooka, hatazami kushoto wala kulia. Dereva wa lori alikuwa anamwuliza kitu. Fundi akatikisa kichwa. Dereva akaanza kufungua kamba.

"Nachukua!" Nyundo akapiga kelele. "Nachukua vyote! Ninyi wawili, tokeni humo!"

Walipokuwa wanalisukuma bafu kutoka mlangoni, kinyozi akahema na kusema, "Tena nikwambie, kiti hiki kimenitoa jasho. Yule mpinzani wangu ana roho ngumu. Nikipandisha, naye anapandisha."

"Mpinzani gani?"

"Kaka, unanitania? Ulikuwa unamwitikia mwenyewe. 'Naona dirishani! Naona dirishani tena!' Ule mkono wenye kipepeo cha ukili, cha kujipepea."

"Dirisha lipi?"

"La pembeni. Lenye pazia la buluu."

Nyundo akaliachia bafu. Likamwangukia kidole cha mguu, lakini hakulia. Alikuwa na maumivu makubwa zaidi ya kufikiria.

Nyumba ile ina dirisha moja tu lenye pazia la buluu. Ni la chumba cha Bibi.

* * *

"Tumetoka kupunguza, wewe unaongeza?" akauliza Fundi alipoona bafu likivuka barabara pamoja na kiti.

"Usiniulize, mke wangu. Mama yuko wapi?"

Bibi alikuwa palepale dirishani, ametoa kichwa nje, anajipepea kwa utulivu wa mtu asiyejua lolote. Nyundo akasimama chini ya dirisha. Kwa sababu ya heshima ya ukwe, alimwongelesha akitazama ukuta.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, mkwe wangu. Nakiona kiti changu kimerudi. Kilikuwa kimekwenda wapi?"

"Mama, naomba unisamehe kwa swali hili. Wakati wa mnada, ulikuwa unajipepea kwa sababu ya joto?"

"Joto lilikuwapo."

"Au ulikuwa unapandisha bei?"

Kipepeo kikasimama.

"Mama!" Fundi akainuka kwenye mkoba.

"Na nani aliyewaambia vijana wakitoe kiti nje?" Nyundo akamwuliza ukuta.

Bibi akakitua kipepeo. Halafu, kwa kuwa ni mcha Mungu na uongo humkwama kooni, akasema: "Niliwaambia mimi. Nilijua kukiwa na mnunuzi mmoja tu, mkwe wangu atatulia, atatazama anachouza. Lakini wakiwa wawili wanaoshindana, haoni tena. Wawili wakishindana, wewe baba unaweza kumuuza hata mke wako."

Umati uliokuja kununua masufuria ukacheka mpaka masufuria yakalia. Fundi hakucheka.

"Mama, kama hutaki kuhama si ungesema? Unakataa kwa sababu gani?"

Bibi akatafuta sababu. Macho yake yakazunguka ua, yakapita watu, yakatua kwenye ubavu wa lori.

"Kwa sababu ya lori hilo," akasema. "Mnataka kunipandisha kwenye gari lililoandikwa maneno yale?"

"Maneno gani? Imeandikwa 'Tunahamisha kwa upendo'."

"Hayo ya juu ndiyo ya kuwavutia. Tazama ya chini, yale madogo." Bibi akakunja uso, akanyoosha kidole, midomo ikaanza kutafuta njia. "Cho... chote... ki-ki-vu... kikivunjika... si... ju-u... si juu ye-tu. Chochote kikivunjika si juu yetu. Nami nina nyonga!"

Watu wote wakageuka kutazama lori. Ilikuwa kweli. Ilikuwa imeandikwa hivyo hivyo.

Kisha, mmoja mmoja, wakageuka kumtazama Bibi.

Maana Bibi hajui kusoma. Hilo kila mtu analijua. Bibi ni yule mama anayeshika barua ya serikali juu chini na kusema miwani imepotea.

"Vizuri sana!" sauti ikalipuka nyuma ya umati. Alikuwa kinyozi, anaruka huku amekumbatia mguu wa bafu. "Umesoma yote! Hata 'kikivunjika'! Juzi mwalimu alituandikia ubaoni, wote tukakwama hapo..."

Akaziba mdomo kwa mikono miwili. Alikuwa amechelewa.

"Tukakwama?" akauliza Nyundo. "Ninyi nani?"

Kinyozi akatazama viatu vyake. Bibi akashusha pumzi.

"Haya, mjue," akasema. "Kuna darasa la jioni pale nyuma ya zahanati. La watu wazima. Yeye hukaa dawati la mbele, mimi la nyuma yake."

"Mama, jioni unatuaga kwamba unakwenda kwenye maombi!" Fundi akasema.

"Naomba njiani. Kwenda na kurudi. Bila maombi ningezipitaje zile herufi?"

"Lakini kwa nini sasa, mama? Na umri huu?"

Bibi akaegemea dirisha. Sauti yake ikawa nyingine.

"Mwanangu, mimi nimesomewa Kitabu cha Mungu maisha yangu yote. Alinisomea baba yangu, akanisomea mume wangu, ukanisomea wewe. Na kila mtu ananisomea anapopataka yeye. Baba yangu alikuwa na mlango wake mmoja tu, wa watoto kutii wazazi. Nilipoolewa, ikawa wa mke kumtii mume. Nikazeeka, nikaanza kusomewa habari za wazee kuwa na subira. Nami nakaa pale nasikia kurasa zinafunguliwa, fa, fa, fa, zinapitwa. Nataka nijue mnazoruka zimeandikwa nini."

Hakuna aliyecheka safari hii. Mwanamke mmoja aliyekuwa amenunua kinu akakitua chini, akajifuta macho kwa ncha ya kanga.

"Kule mnakonipeleka," Bibi akamalizia, "niliuliza. Darasa la jioni hakuna. Hapa nabaki mpaka nifanye mtihani wangu. Nikiufaulu tu, nipakieni kwenye chochote, hata kwenye hilo bafu."

"Ungesema siku ile mama, tulipokubaliana mezani," akalalamika Nyundo.

"Tulikubaliana lini?"

"Niliuliza! Nilisema, nani anapinga kuhama?"

"Ulisema, 'Nani anapinga, moja, mbili, tatu, imepita,' ukagonga sahani kwa kijiko. Mimi nilikuwa bado natafuna."

"Hata mimi nilikuwa natafuna," akasema Fundi.

Nyundo akageuka. Hapo, ndugu msomaji, lilitokea jambo ambalo halikuwahi kutokea katika minada yake yote. Alimtazama mtu usoni. Alimtazama mkewe vizuri, macho, paji la uso, ile mikunjo midogo kando ya mdomo unaoshika pini, na akaogopa.

"Mama watoto," akasema. "Na wewe hutaki kuhama?"

Fundi akauacha mkoba. Akasogea, akasimama mbele yake.

"Nataka."

"Unataka?"

"Nataka kuliko wewe. Nimetaka kabla yako. Nataka kukaa mahali ambapo hakuna anayejua kwamba mimi ni fundi. Asubuhi niketi kibarazani, mtu apite, aniambie habari za asubuhi, asiniulize 'Fundi, lini?' Hicho tu. Asiniulize lini."

"Lakini tulipanga kule utashona kidogo kidogo, ituongezee..."

"Ulipanga wewe na kijiko chako."

"Na cherehani je?"

"Cherehani umeiuza."

Nyundo akashika meza. "Nimeuza cherehani? Mimi? Saa ngapi?"

"Mapema asubuhi, baada ya magodoro. Niliiweka mbele yako kwa mikono yangu. Nikasimama kando. Nikasema, akiitambua, akisema 'hii hapana, hii ya mke wangu,' nitaibeba niende nikashone mpaka nife. Ukasema moja, mbili, tatu."

Umati ukatoa mlio kama puto linalopungua hewa.

Nyundo alitaka kuongea, lakini sasa ile nusu ya pili ya dua yake ilikuwa imejibiwa, na ulimi ukawa mfupi kweli. Mpango wake wote aliuona pale uani, wazi, kama kitu kilichopangwa kwa ajili ya kuuzwa. Kustaafu kulikuwa kwake. Kazi ilikuwa ya mkewe.

Na kana kwamba hayo hayatoshi, honi ikalia getini. Gari dogo liliingia, limebeba magodoro, kuku ndani ya tenga na mwenye nyumba mpya, bwana mnene mwenye tabasamu, aliyekuja na familia yake kuhamia.

"Tumewahi?" akauliza.

"Mmewahi sana," akasema dereva wa lori, ambaye alikuwa amechoka. "Hawa wenyewe wanaondoka? Hawaondoki? Mimi nina safari."

"Mimi siondoki bila mtihani," akasema Bibi.

"Mimi nataka kuondoka leo," akasema Fundi, "lakini simwachi mama peke yake." Na mkono wake ukaanza kuurudia ule mkoba, na usoni ikaanza kurudi ile subira ambayo Nyundo sasa alijua inafananaje.

"Usiushike!" akapiga kelele. "Niacheni niseme. Mke wangu, panda lori. Nenda kakae kibarazani. Nitabaki na mama mimi."

Hata kuku wakachungulia kwenye tenga.

"Wewe?" wakasema mama na binti kwa pamoja.

"Mimi. Mpaka afanye mtihani wake. Ni haki yako kutangulia, na ni haki yangu kusubiri. Akimaliza, tunakufuata."

"Mtakaa wapi?" akauliza Fundi. "Nyumba si yetu tena."

"Nyuma ya duka nina chumba cha akiba," akasema kinyozi upesi. "Kizuri, kina dirisha. Bibi atakaa humo, na kiti chake kinaingia."

"Na mimi?" akauliza Nyundo. "Mtu na mama mkwe wake hawawezi kulala chumba kimoja!"

"Hawawezi," kinyozi akakubali. "Wewe utalala dukani."

"Juu ya nini?"

Wote walitazama bafu tu.

"Utanisaidia kufagia nywele," kinyozi akaongeza kwa upole. "Sitakutoza kodi."

Nyundo akafikiri. Alifikiri kwa namna aliyoizoea, yaani hakufikiri. Damu ya mnada ilimpanda. Alimwona mkewe anaanza kutabasamu, tabasamu ambalo hakuliona tangu mtoto wa mwisho aolewe, na akataka kulifunga kabla bei haijashuka.

"Moja!" akasema.

"Mkwe wangu, ngoja kidogo," Bibi akaita dirishani. "Kuhusu huo mtihani wenyewe..."

"Mbili!"

"Baba, nisikilize, mtihani..."

"Tatu! Mama, nimeshagonga!"

Watu wakapiga makofi. Fundi akamkumbatia mumewe mbele ya umati wote, jambo lililomfanya mwenye nyumba mpya afunike tenga la kuku kwa adabu. Kisha akaenda dirishani kumuaga mama yake. Bibi akamshika shingo, akamsomea dua ya safari, halafu akamnong'oneza kitu sikioni. Fundi akacheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, akacheka akipanda lori, akacheka akifunga mlango.

"Kaa salama, baba watoto!" akasema. "Mungu akutie nguvu!"

Lori likaondoka kwa upendo.

Nyundo akapunga mkono mpaka likafika mwisho wa mtaa. Alijisikia mwepesi. Alikuwa amefanya jambo jema, na wala halikuwa gumu. Akarudi dirishani akisugua viganja.

"Haya mama. Tujipange. Mtihani ni wiki hii au ijayo?"

Bibi akamtazama kinyozi. Kinyozi akachunguza ndevu zake kwenye kioo cha gari la mwenye nyumba.

"Wa mwaka huu ulikuwa mwezi uliopita," akasema Bibi taratibu.

"Na?"

"Tulifeli," akasema kinyozi.

"Wote wawili," Bibi akaongeza, maana hapendi kumsema mtu peke yake. "Lakini mwalimu anasema mwakani, Mungu akipenda, yako matumaini. Hasa nikipata mtu wa kukaa naye kila jioni, nimsomee, naye anisahihishe, asichoke. Nimemwomba Mungu mtu wa namna hiyo kwa muda mrefu, mkwe wangu. Na leo, tazama."

Nyundo akahesabu miezi kwa vidole. Kisha akageuka, akatoka getini mbio.

Kwenye lori Fundi alikuwa amevua viatu na kuinua miguu yake iliyochoka juu ya dashibodi. Upepo ulimpiga usoni. Kwa mara ya kwanza tangu aolewe hakujua jioni atapika nini, wala hakujali.

"Mzee atakufuata lini, mama?" akauliza dereva.

"Mwakani," akasema Fundi.

"Mwakani! Na yeye mwenyewe anajua?"

Fundi akatazama kioo cha pembeni. Mbali nyuma yao, katikati ya barabara, mwanamume mwenye ndala moja alikuwa anakimbia kwa nguvu zake zote, mdomo wazi, shati limepanda tumboni.

"Ndiyo kwanza ameambiwa," akasema. "Ongeza mwendo, mwanangu."

Dereva akakanyaga mafuta. Lori likanguruma, likashika mteremko, na mbele yao, pale barabara inapokatiza reli, taa nyekundu ikawaka na kizuizi kikaanza kushuka.